NDUGU ZAKE MFALME

Juma hili safari yetu imetufikisha Funyula, katika nchi ya Wasamia, wafua chuma mashuhuri wa zamani. Mpaka wa Uganda uko karibu, na Wasamia wako pande zote mbili. Swali letu ni hili: mtoto wa mfalme asiyerithi kiti huenda wapi?

Wanafunzi waliosoma historia ya Uingereza wanamjua John of Gaunt, aliyezaliwa mwaka 1340. Baba yake, Edward III, alikuwa mfalme. Yeye hakuwahi kuwa mfalme. Alipata ardhi na utajiri wa Lancaster kwa kumwoa Blanche, akawa bwana mkubwa kupita wengi. Lakini mwaka 1381, wananchi walipochoshwa na kodi, waliiteketeza nyumba yake ya Savoy jijini London.

Kumbe na sisi tulikuwa na akina Gaunt wetu! Mnamo 1882, Mumia alirithi kiti cha baba yake, Shiundu, akawa Nabongo wa Wanga. Makao yake yalikuwa pale tunapopaita Mumias leo. Waingereza walipoingia aliwapokea vizuri, na mwaka 1909 wakamfanya chifu mkuu.

Wakoloni hawakuwa na watu wa kutosha kutawala nchi nzima. Basi wakawatumia jamaa za Mumia. Mulama, nduguye wa baba mmoja, akawa chifu wa Marama. Murunga, ndugu mwingine, akapewa Wabukusu wa Kimilili. Wajumbe wa Kiwanga walitumwa hata huku Samia.

Hebu jiweke mahali pa mzee wa Kisamia wa siku hizo. Ukoo wako una wazee wake na mashauri yake. Mara anakuja mtu wa mbali kukudai kodi ya nyumba na kutaka vijana wako wakalime barabara. Ukiuliza ni nani aliyemchagua, unaambiwa ametoka kwa mfalme. Mfalme wa nani?

Wala tusiwalaumu Wawanga wote. Raia wa kawaida wa Wanga naye alilipa kodi iyo hiyo. Mumia mwenyewe alistaafishwa mwaka 1926, na hakuna nduguye aliyepewa cheo chake cha chifu mkuu. Katika miaka ya 1930 malalamiko ya wananchi yalizidi. Mulama akaondolewa Marama. Kimilili nako Murunga akaondoka, na kiti kikaenda kwa Amutala, Mbukusu mwenyewe. Mumia alifariki mwaka 1949, akiwa ameyaona yote hayo.

Hawa ndugu hawakuwa wajinga. Walizaliwa karibu na kiti, wakalelewa wakiona namna watu wanavyoongozwa. Kosa lilikuwa kwamba nguvu zao zilitoka kwa mzungu ofisini, si kwa watu waliowaongoza. Mzungu alipobadili nia, hawakuwa na pa kuegemea.

Wazazi, mnapokwenda nyumbani likizoni, wapelekeni watoto kwa babu na nyanya. Waulizeni ni nani aliyekuwa chifu zama za ukoloni, na alitoka wapi. Majibu mengine hamtayapata katika kitabu chochote.

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Tukutane Jumapili ijayo.