KISWAHILI CHA MUTU SI KITAMBULISHO

Vijana wa Goma na Bukavu, tuchekane, sawa. Goma banacheka Bukavu, Bukavu banacheka Goma: tumezoea. Lakini mutu akifungua kinywa tu anaulizwa "Uko wa wapi?", halafu ananyimwa kazi ao nyumba ya kupanga, hiyo si mzaha tena. Ni ubaguzi, na sisi tunaukataa.

Kiswahili cha Bukavu kinabeba Mashi. Cha Goma kinabeba Kihunde, Kinande, Kinyarwanda. Ni lugha za mama zetu, hazina kosa.

Hadi 1988 tulikuwa jimbo moja, Kivu. Mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Goma, kisha Bukavu: risasi haikuuliza lafudhi ya mutu.

Anayetaka kutugawanya kwa matamshi, tumujibu pamoja: ziwa ni moja, raia ni wamoja!