Posho ya bodi Mombasa hutoka kwenye mzigo wa Kigali

Mfanyabiashara wa Kampala au Kigali anayeshusha kasha lake Mombasa anazijua tozo za bandari: ya kupakua, ya kushughulikia shehena, na ile inayouma kuliko zote, ya kuhifadhi kasha lililochelewa kutoka. Asichokijua pengine ni kwamba posho ya wajumbe wa bodi hutoka humo humo.

Sheria ya Mashirika ya Serikali ya Kenya, ya mwaka 1986, haikuficha jambo hilo. Mwenyekiti na wajumbe hulipwa kutoka fedha za shirika lenyewe, kwa viwango vinavyowekwa na kamati ya ushauri ya mashirika hayo. Halmashauri ya Bandari, KPA, ni moja ya mashirika hayo. Mwenyekiti huteuliwa na Rais, wajumbe wengine wengi na Waziri. Mteja hateui mtu, na mteja wa nchi jirani hana hata kura ya kumwondoa aliyewateua.

Si vibaya mjumbe kulipwa. Mhasibu au mwanasheria anayekesha akisoma makabrasha ya shirika kubwa hafanyi kazi ya sadaka, na asiyelipwa huenda akajilipa. Taabu iko kwenye kipimo. Posho ya kikao hulipia kuketi. Sheria inataka bodi ikutane si chini ya mara nne kwa mwaka. Kiwango cha juu haikukitaja. Uamuzi juu ya kreni mpya ukiahirishwa hadi kikao kijacho, mjumbe atapokea posho mara mbili kwa jambo lile lile, na mwenye kasha atalipia siku za ziada.

Mwongozo, kanuni za utawala bora za mwaka 2015, unataka bodi ya watu 7 hadi 9, theluthi yao wakiwa huru. Vizuri. Lakini hata bodi ndogo ikilipwa kwa kuketi, itaketi.

Ingefaa ada moja ya mwaka, vikao viwe vinne au kumi, na sehemu yake izuiwe hadi hesabu zikaguliwe na itangazwe makasha ya nchi jirani yalikaa bandarini siku ngapi. Majina ya wajumbe, mahudhurio na malipo yao yabandikwe kwa Kiswahili pale Malaba na Busia. Dereva aliye kwenye foleni ana muda wa kutosha kusoma.