Nyumba inauzwa Baraka: nani alikaa hapo kwanza?

Tangu Februari 2025 vita ilipofika Bukavu, na zaidi tangu Desemba ya mwaka huo M23 ilipoingia Uvira, watu wengi wameteremka kwa barabara ya ziwa kuja Fizi. Wengine wamelala katika shule na makanisa yetu, wengine kwa ndugu. Mwenye kitu mkononi anatafuta nyumba. Kwa hiyo katikati ya Baraka, kando ya barabara kubwa na karibu na soko, parseli zinauzwa na kununuliwa kwa haraka ambayo inatutia wasiwasi.

Mji ulikuwa umeanza kubadilika kabla ya hapo. Mwaka 2013 Serikali iliipa Baraka hadhi ya mji. Wenye pesa ya dhahabu kutoka Misisi wamejenga. Mashirika yamepanga ofisi, kwa sababu Warundi waliokimbia nchi yao tangu 2015 wako Lusenda na Mulongwe, si mbali. Na watoto wetu waliotoka kambi ya Nyarugusu wakapelekwa Marekani na kwingineko wanatuma pesa ili mama na baba wapate nyumba ya mabati mjini. Tunawashukuru sana. Lakini kila pesa inayoingia inapandisha bei, na anayesukumwa pembeni ni yule mwenye nyumba ya udongo katikati ya mji asiye na karatasi ya kuonyesha.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1996, na tena 1998, watu wa Fizi walivuka ziwa kwa maelfu mengi kwenda Kigoma. Walikaa Lugufu na Nyarugusu. Mwezi wa Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha, na Baraka ndiyo bandari waliyoshukia. Kila familia ya kanisa letu inajua kilichofuata. Wengi walikuta mtu mwingine ndani ya nyumba. Wengine walikuta mjomba ameuza, au chefu amegawa, au jirani amesogeza ua mpaka chini ya dirisha. Kesi nyingine hazijaisha hata leo. Mnunuzi anayefika sasa kutoka Uvira au Bukavu hazijui. Anaonyeshwa kiwanja kisafi chenye mwembe, anaambiwa bei nzuri, na anaharakishwa.

Tuseme wazi kuhusu karatasi, maana hapo ndipo wengi wanaanguka. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni ya Taifa. Raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo juu ya kiwanja na nyumba inathibitishwa na hati ya uandikishaji, ambayo wengi huita sertifika. Barua ya mauzo iliyosainiwa mbele ya chefu wa kartie si hati hiyo. Fishi ya parseli na risiti ya malipo si hati hiyo. Ni ushahidi, zina faida yake, lakini watu wawili wanaweza kuwa nazo juu ya kiwanja kimoja, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Ardhi ya kimila nayo, ile tuliyopokea kutoka kwa babu, sheria hiyo iliahidi kwamba Rais wa Jamhuri ataitolea amri yake ya pekee. Miaka mingi ilipita tukisubiri amri hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo washirika hawaambiwi. Sertifika ikishapita miaka miwili tangu ilipotolewa, haivunjwi tena. Aliyenyang'anywa anabaki kudai fidia tu. Miaka miwili! Mtu aliyekimbia 1996 na kurudi 2005 alikuwa ng'ambo miaka tisa. Sheria hii iliandikwa kwa ajili ya nchi yenye amani, na inampendelea yule aliyebaki karibu na ofisi. Kwa hiyo mnunuzi anaweza kuwa na karatasi safi kabisa mkononi na bado amekalia jasho la mwenzake. Na tusifichane: katika Fizi wako walioondoka kwa ajili ya kabila lao, wa kila upande. Nyumba ya jirani aliyeondoka kwa hofu bado ni nyumba ya jirani.

Wajane wanaumia zaidi. Mume anafariki, msiba haujaisha, shemeji anakuja na mnunuzi. Kodi ya familia ya nchi yetu haimpi shemeji nguvu hiyo. Watoto ndio warithi wa kwanza, waliozaliwa ndani ya ndoa na hata wale wa nje waliotambuliwa na baba, na mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake. Basi kama muuzaji ni kaka wa marehemu, uliza mama wa nyumba yuko wapi. Kama hakuna anayetaka kukujibu, umejibiwa.

Kwa ndugu walioko Ulaya tuna neno pia. Wale wa Uholanzi wanajua jinsi nyumba inavyonunuliwa huko: notere anapekua daftari la ardhi kabla ya mauzo, pesa inapitia kwake, na mtu aliyesaini mkataba wa kujinunulia nyumba ya kukaa ana siku tatu za kubadili mawazo. Lakini ndugu huyohuyo anatuma dola kwa simu kwa binamu, bila kuuliza hata jina la muuzaji! Baraka haina desturi hiyo ya siku tatu. Tunaweza kujitengenezea: pesa isitoke mpaka juma moja lipite, majirani wa pande zote nne waulizwe, na tangazo la mauzo lisomwe hadharani.

Yeremia alinunua shamba la Anathothi wakati Yerusalemu imezingirwa na yeye mwenyewe amefungwa. Aliyemuuzia alikuwa Hanameli, ndugu yake mwenye haki. Fedha ilipimwa, mashahidi walisaini mbele ya watu waliokaa uani, na hati zikawekwa katika chombo cha udongo ili zidumu. Kwa hiyo hatusemi mtu asinunue wakati wa vita. Tunasema nabii huyo hakununua kwa siri. Kwa maoni yetu, aliyekimbia Uvira afadhali apange chumba kwa miezi michache kuliko kununua parseli juma hili.

Wachungaji na wazee nao wajitazame. Mara ngapi tunaitwa kuombea nyumba mpya, kisha tunawekewa karatasi mbele tusaini kama mashahidi, na tunasaini kabla ya kusoma kwa kuwa chakula kimeiva? Jina la mchungaji kwenye barua ya mauzo linafanya kazi kubwa mbele ya hakimu. Na viwanja vya makanisa yenyewe, vingi vilitolewa na machefu kwa mdomo zamani, kabla mji haujakuwa mji. Wazee waliosimama pale siku mipaka inapimwa kwa hatua za miguu wanazidi kupungua. Daftari na kalamu zipo katika kila paruasi. Jumapili hii baada ya ibada wanaweza kukaa na mzee mmoja na kuandika: hapa palikuwa pa nani kabla ya 1996, mwembe ulikuwa upande gani, nani alikuwa jirani.