Eda ya Mjane na Siku 60 za Bima



Tumepokea barua ya kijana mmoja akaaye Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani, ambako wako jamaa wengi watokao Afrika ya Mashariki. Baba yake amefariki. Marehemu alikuwa akifanya kazi katika ghala kubwa la bidhaa, na bima ya afya ya watu wote wa nyumbani ilipitia kazini kwake. Wiki tatu baada ya maziko ikaja bahasha nene, yote Kiingereza. Wazee wa ukoo wakasema mama asisumbuliwe na mambo ya karatasi mpaka atoke edani, na bahasha ikawekwa juu ya kabati. Sasa kijana ana mdogo wake wa miaka 9 mwenye maradhi ya seli mundu, na juzi duka la dawa limesema bima yake imefungwa. Anauliza: je, wangoje?

Wasingoje. Tulimjibu siku ile ile, kwa kuwa gazeti hili hutoka mara moja kwa mwezi, na siku za bahasha ile hazingoji gazeti. Lakini jambo lenyewe linawahusu wengi walio na ndugu, mabinti na wakwe huko, basi na tulieleze.

Iko sheria ya Marekani iliyotiwa saini mwaka 1986, iitwayo kwa herufi zake za mwanzo COBRA. (Ndilo jina la fira kwa Kiingereza, na wako waliolikimbia kwa jina tu.) Sheria hiyo yamlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwaachia watu wa nyumba waendelee na bima ile ile ya kazini kwa muda, wakilipa wenyewe. Mfanyakazi akiachishwa kazi au akipunguziwa saa, muda ni miezi 18, isipokuwa aliyefukuzwa kwa kosa kubwa mno. Akifa, mjane wake na watoto wake hupata miezi 36. Kwa waajiri wadogo, majimbo mengi yana sheria zao wenyewe, na huko ni kuuliza.

Haki hiyo haiji yenyewe. Huja kwa karatasi, na kila karatasi ina siku zake. Mwajiri ana siku 30 za kumjulisha msimamizi wa bima kwamba mtu wake amefariki. Msimamizi ana siku 14 za kuwaandikia watu wa nyumbani. Kisha wao wana siku 60 za kujibu kwamba wanataka kuendelea, zikihesabiwa tangu kupewa taarifa au tangu bima kukatika, ile itakayokuwa ya mwisho.

Hebu zijumlishe: 30, na 14, na 60 ni siku 104. Na eda ya mjane asiye na mimba ni miezi minne na siku kumi, yaani kama siku 128 kwa mwezi mwandamo. Basi hata kila mmoja akichelewa mpaka siku yake ya mwisho, mlango wa bima hufungwa mjane angali edani. Wazee wale walikusudia heshima, na heshima ile ilikuwa karibu kumnyang'anya mtoto dawa yake. Kutia saini karatasi ukiwa umekaa mkekani hakuvunji eda. Wanazuoni wengi wamemruhusu mjane hata kutoka mchana kwa haja yake, sembuse kushika kalamu! (Suala la uhalali wa bima yenyewe wanazuoni wana maneno yao marefu, si la leo.)

Wala isisemwe kwamba barua haikufika. Msimamizi akiituma kama ipasavyo kwenye anwani ya mwisho aliyopewa, ametimiza wajibu wake. Aliyehama nyumba asitoe habari, hasara ni yake.

Ama gharama, ni nzito, wala hatutaificha. Mfanyakazi alizoea kukatwa sehemu tu katika mshahara, na mwajiri akilipa iliyobaki. Sasa nyumba hulipa sehemu zote mbili, na mpaka asilimia 2 juu yake. Tuseme bima nzima ni dola 1,000 kwa mwezi, na marehemu alikuwa akikatwa 250. Mjane aweza kutakiwa 1,020. Hapo ndipo wengi huitupa bahasha, nao hawajui kwamba kila mtu wa nyumba ana haki yake peke yake. Mama aweza kumwekea bima mtoto mgonjwa tu, na kwa waliobaki akatazama bima za soko la serikali, ambazo nazo humpa aliyepoteza bima siku 60, au msaada wa Medicaid kwa wenye kipato kidogo. Malipo ya kwanza yana siku 45 tangu kujibu, na hurudi nyuma mpaka siku bima ilipokatika. Kwa hiyo risiti za dawa zilizonunuliwa katikati zisitupwe, zitadaiwa.

Katika kifo mwajiri ndiye aanzaye kutoa taarifa. Katika talaka wajibu huo umo mikononi mwa watu wa nyumbani: wasipomwarifu msimamizi ndani ya siku 60, haki ya miezi 36 ya mke hupotea. Na dada zetu wajue kwamba talaka iliyotamkwa nyumbani mbele ya mashahidi haihesabiwi huko. Kinachohesabiwa ni hukumu ya mahakama. Yuko mume ambaye, hasira zikimpanda, hufuta jina la mke katika bima kabla ya hukumu. Hila hiyo haimfai kitu: hukumu itokapo, mke hudai haki ya kuendelea tangu siku ile kana kwamba hakufutwa, maadamu ametoa taarifa kwa wakati. Vivyo hivyo kijana atimizaye miaka 26 akatoka katika bima ya wazazi, hapana atakayemkumbusha.

Twarudi kwa mwenye barua. Taarifa yao ilikuwa na siku 43, zimebaki 17. Tulimwambia ajaze jina la mdogo wake, mama atie saini, anakili karatasi zote, kisha apeleke kwa posta ya rejista, kwani siku ihesabiwayo ni ile ya kutuma.

Amejibu kwamba mama alitia saini baada ya sala ya alasiri, na risiti ya posta imewekwa katika kasha la pasi za safari. Malipo ya kwanza wanayachangisha. Mjomba mmoja ameshatoa nusu.