Amana si Azima

Askari ahamishwaye kituo humwachia jirani baiskeli na kusema, “Nitunzie.” Katika sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi pwani ya Afrika Mashariki, neno hilo huifanya baiskeli kuwa amana. Ikiibwa bila uzembe wa mtunzaji, halipi. Lakini akiwa ameiendesha bila ruhusa, hata mara moja tu kwenda sokoni, dhamana imemwangukia.

Lau angaliambiwa, “Itumie hata nirudi,” ingalikuwa azima. Hapo jirani hulipa iliyoibwa hata asipozembea. Mke aliyesikia maneno hayo mlangoni ni shahidi, naye asiyasahau. Wala huo si mkopo: kibaba cha unga kilichokopwa huliwa, kikarudishwa kingine, baiskeli hurudi ile ile.