Gesi Iuzwe kwa Kipimo cha Masikini

Tangu Serikali ya Tanzania ilipozindua, mwezi Mei 2024, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaokusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo, mitungi ya gesi imegawiwa bure mikutanoni na mingine kuuzwa kwa ruzuku. Lakini katika nyumba za watu wa kipato kidogo, mtungi huo, ukishakwisha, aghalabu husukumwa uvunguni, na jiko la mkaa likarudi mahali pake.

Wako wanaolaumu mazoea, na wako wanaotaja hofu ya mlipuko. Sababu hizo zipo, ila iliyo kubwa kuliko zote ni ya mfukoni. Muuza vitumbua apataye riziki yake kwa siku hununua pia kwa siku: mkaa wa kopo, mafuta ya kupima, sukari ya robo. Gesi peke yake ndiyo imtakayo atoe kwa mkupuo fedha za majuma kadhaa. Na hata ukimthibitishia kwa kalamu na karatasi kwamba mkaa humla zaidi mwisho wa mwezi, hesabu hiyo haimfai mtu ambaye fedha za mwezi hajapata kuzishika kwa pamoja.

Fauka ya hayo, pale sheria isipompa masikini kipimo kidogo, hutokea walaghai wakampa, wakihamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo katika nyua zilizozungukwa na makazi ya watu. Propani, ambayo huchanganywa na butani katika mitungi yetu, huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, hivyo ikivuja hugeuka hewa papo hapo. Na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haipandi juu kama moshi, bali hutambaa sakafuni hadi ikutane na moto. Wakazi wa Embakasi, Nairobi, waliyaona madhara yake usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ilipolipuka mahali ambapo wadhibiti walikwisha kukataa kutoa kibali, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa.

Dawa ipo. Mita zinazofungwa kwenye mtungi, zikamwezesha mtumiaji kulipa kwa simu kiasi alichonacho leo, zimekwisha kutumika Nairobi na Dar es Salaam. Kwa maoni yangu, sehemu ya fedha zinazonunulia mitungi ya kugawa ingefaa zaidi kama ingezieneza mita hizo mitaani.

Nawe mnunuzi, usiondoke dukani kabla mtungi haujawekwa kwenye mizani. Soma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma chake, ujumlishe kilo 6 kama ni mtungi mdogo. Mizani ikionyesha pungufu, au lakiri ikiwa imekatwa, urudishe hapo hapo na udai mwingine, kwani hiyo ni haki yako.