TUNATAKA GARI LA MIZIGO, SIYO LA KUTEMBELEA!

Ndugu wanachama,

Mkutano Mkuu unakaribia na ajenda kubwa ni moja: kununua pikapu ya ushirika. Tumesikia baadhi ya wajumbe wa Kamati wamekwisha kupenda dabo kebini, eti ni gari la heshima na viongozi watakaa vizuri. Jamani! Fedha hizi ni makato ya mazao yetu, kilo kwa kilo. Hatukukatwa ili mtu akae vizuri. Tulikatwa ili mbolea ifike na mazao yatoke.

Tuseme kwa hesabu. Gari lina kibati, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango, kinachoonyesha uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, gari pamoja na vyote vilivyomo. Toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho mzigo. Na watu nao ni mzigo! Chukua mfano: kibati kinasema kilo 3,000, na dabo kebini tupu ina kilo 2,100. Zinabaki 900. Weka dereva na viongozi wanne, kilo 70 kila mmoja: 350 zimekwenda. Zimebaki 550, yaani mifuko 11 ya mbolea. Mifuko 11, ndugu zetu! Singo kebini ya kilo 1,800, yenye kibati kile kile, ikiwa na dereva na mpakiaji mmoja, inabeba mifuko 21.

Jambo la pili ni ekseli ya nyuma, nayo ina kikomo chake. Bodi ya dabo kebini ni fupi, mzigo unasukumwa mkiani. Mzigo uliopita nyuma ya ekseli unaielemea kuliko uzito wake wenyewe, na mbele gari linanyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi. Dereva anakata kona, gari haliitiki. Waliokuwapo msimu uliopita, gari la kukodi lilipokatika shafti kilimani mvua ikinyesha, hawahitaji kuelezwa. Tulilala njiani na magunia yetu.

Wapo wanaosema, "Tutaongeza springi." Huko ni kujidanganya. Springi itanyanyua mkia tu. Shafti ni ile ile, beringi zile zile, breki zile zile, tairi zile zile. Tena tairi lina namba yake ya uzito: 112 maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja, basi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kamati ilete mkutanoni namba za vibati, siyo picha za magari.
2. Gari lipimwe mzanini likiwa tupu kabla ya kulipiwa, na ekseli ya nyuma ipimwe peke yake.
3. Inunuliwe singo kebini yenye bodi ndefu.

Njooni wote mpige kura. Atakayebaki nyumbani asije akalalamika mbolea ikichelewa. Heshima ya ushirika ni mzigo kufika!

Ni sisi wanachama wenzenu.